Risasi za Boksi Jekundu

Hamisa alilikuta boksi jekundu juu ya kitanda, katikati ya shuka jipya alilolitandika asubuhi ile ile ili wakwe wakija wasione godoro. Juu ya boksi kulikuwa na picha ya nyati aliyekodoa macho. Mikono ya Hamisa ilikuwa na mafuta ya vitumbua, kwa hiyo hakuligusa. Alisimama mlangoni akaita.

"Baba Najma! Nini hiki umeniwekea kitandani?"

Mudathir aliingia akitabasamu, na tabasamu lenyewe likamtia mkewe wasiwasi. Tangu shirika lilipompunguza kazini yeye na wenzake na kuwakabidhi bahasha zenye maneno mengi kuliko hela, mwanamume huyu alikuwa hatabasamu ovyo.

"Risasi," alisema.

"Naona ni risasi, sina upofu. Risasi gani zinakaa kwenye boksi zuri hivi, utadhani sabuni ya bibi harusi? Zako zinakujaga kwenye mfuko wa kaki."

"Hizi ndo wanazotumia Wazungu wanaokuja kuwinda. Ikigonga mfupa haipasuki. Inapita moja kwa moja mpaka moyoni, mnyama anakaa pale pale."

"Ziko ngapi humo?"

"Tano."

"Tano!" Hamisa alijifuta mikono kwenye khanga, akajifuta tena ingawa mafuta yalishatoka. "Baba Najma, hela ya upatu wangu ile. Mwaka mzima nacheza upatu, nakopa unga, namkwepa muuza mafuta, ili mtoto aolewe na sie tuonekane watu. Nikakwambia haya, chukua, kanunue risasi. Nilisema risasi. Sikusema dhahabu."

"Moja ya hizi ni bei ya tano za kaki," Mudathir alikiri, sauti ikishuka. "Lakini inafanya kazi ya tano."

"Mnyama kwenye leseni ni mmoja. Hiyo kazi ya tano unaipeleka wapi?"

Mudathir alikaa pembeni ya kitanda, akaligeuza boksi ili picha ya nyati itazame ukutani. Hakumwambia mkewe kwamba Mhindi muuzaji wa duka la bunduki la mjini alimwacha asimame kaunta mpaka alipomaliza kumhudumia dereva wa Wazungu, kisha akamtazama kuanzia kandambili mpaka kofia na kumuuliza, "Za kwako au umetumwa?" Mudathir alijibu kwamba ametumwa. Aibu ile ndiyo iliyomfanya anunue boksi zima wakati angeweza kuomba afunguliwe apewe mbili.

Ukweli ni kwamba wote wawili walikuwa na hofu moja, na hofu hiyo iliitwa Bi Naima. Wakwe walikuwa watu wa Kinondoni, wenye duka la vitambaa ambalo tangu miaka ile ya ruksa ya biashara ianze lilikuwa likinenepa kila mwezi. Bi Naima, shangazi wa bwana harusi, ndiye aliyekuwa mdomo wa ukoo. Siku ya kuleta mahari hapo Mtoni kwa kina Hamisa alipewa soda ya moto, na hakuisahau. Alipokuwa akiaga alisema mbele ya majirani, "Sie tutakuja wengi, lakini msijisumbue. Pilau tu linatosha. Ila nyama ionekane, jamani, tusije tukaitafuta kwa tochi." Majirani walicheka. Hamisa naye alicheka, kisha akaingia jikoni akalia.

Nyama ya ng'ombe ya kulisha watu wote wale wasingeiweza. Walichokuwa nacho ni bunduki kubwa ya marehemu baba yake Mudathir, Mndengereko aliyewinda mpaka uzee, na leseni ya wakazi ya kupiga nyati mmoja upande wa Rufiji. Nyati mmoja angewatosha Kinondoni na Mtoni, na mifupa ikabaki ya mchuzi.

"Si bado una mbili za kaki?" Hamisa aliuliza, akijaribu kwa upole. "Hizi karudishe. Mwambie muuzaji mkeo amekataa, Wahindi wanaelewa mambo ya wake."

Mudathir alinyoosha kidevu kuelekea uani, ambako ilisikika fimbo ikigonga sakafu, ikitua, ikigonga tena. Talha, mdogo wake Hamisa, alikuwa anatoka bafuni.

Hamisa alitazama chini, na mjadala ukafa.

*

Nyama ya porini hailiwi Mtoni mpaka mnyama awe amechinjwa akiwa hai. Maalim wa mtaa alikwisha kuwafundisha hivyo tangu wakiwa wadogo kwenye chuo cha Kurani, kwamba bunduki haichinji, bunduki inapiga tu. Na mwenye bunduki hawezi kufyatua na kukimbia kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kila mwindaji wa pwani ana mtu wake wa kisu, mwenye miguu na moyo, ambaye bunduki ikilia yeye yuko njiani tayari, anamuwahi mnyama kabla roho haijatoka. Wa Mudathir alikuwa Talha. Kwa miaka walikwenda pamoja, na watu walisema Talha akikimbia hata majani hayajui kama amepita.

Safari ya mwisho risasi ya kaki ilipasukia begani mwa nyati. Nyati akapiga magoti, Talha akatoka mbio na kisu chake, akafika, akamshika pembe ili amlaze. Nyati akainuka. Mudathir alimaliza risasi tatu nyingine kumwondoa mnyama juu ya shemeji yake. Hata hivyo Talha, akiwa amelala ubavu na paja limechanika, ndiye aliyenyoosha mkono na kuchinja, kwa sababu mnyama alikuwa bado anapumua na nyama isingefaa kuachwa. Nyama ile ililiwa na watu waliisifu. Talha alirudi mjini nyuma ya gari, amelazwa juu ya nyama hiyo. Siku hizi alikaa kibanda cha fundi mmoja wa Keko akipiga msasa vitanda vya watu wanaooa, kazi isiyohitaji miguu.

Sasa aliingia chumbani, akaketi kwenye kigoda, na Mudathir akampa risasi moja aishike. Talha aliipima kiganjani kwa muda mrefu.

"Nzito," alisema. "Nilidhani hadithi."

"Dada yako anasema nimetupa hela."

"Dada hajawahi kumshika nyati pembe." Talha alicheka, lakini Hamisa hakucheka. "Na mtu wa kisu nani, shemeji? Nikikaa garini mpaka apigwe, halafu mkanishusha karibu..."

"We hutoki hapa," Mudathir alisema kwa ukali kuliko alivyotaka. "Ndo maana nimenunua hizi. Safari hii hakuna wa kukimbia. Hakuna mtoto wa mtu anayekwenda kufa kwa ajili ya pilau la wakwe. Ikimpiga anakaa, natembea taratibu, namchinja mwenyewe."

"Sawa." Talha alimrudishia risasi. "Ila zile bismillahi zako usizipunguze. Za kaki ulikuwaga unazipigia tatu tatu, kwa sauti, mpaka mnyama anageuka kuangalia nani kaja."

"Zile bila Mungu zilikuwa haziendi," Mudathir alisema, na mara hii wote watatu walicheka, hata Hamisa, na boksi jekundu likafichwa uvunguni pamoja na sufuria za kuazima.

*

Gari lilikuwa pikapu ya Stanley, jirani yao kutoka bara, mwenye baa ndogo huko Keko, mtu wa maneno mengi na roho nzuri. Mafuta alitoa yeye mwenyewe, akasema huo ndio mchango wake wa harusi. Alichoomba ni kumwona nyati akipigwa, kwa sababu watu wa kwao hawakuwa wakimwamini akisema anaishi karibu na mbuga.

Jumamosi alfajiri waliwakuta nyati wanne wakitoka kunywa maji. Bwana nyama, ofisa wa wanyamapori aliyekwenda nao kusimamia leseni, alionyesha dume lililobaki nyuma, akasema hilo, kisha akarudi kukaa kivulini karibu na gari. Mudathir alisogea kwa magoti, Stanley nyuma yake amebana pumzi. Upepo ulikuwa mzuri. Dume lilisimama ubavu, kubwa, lenye matope mgongoni.

Mudathir aliweka bunduki kwenye panda ya mti. Siku nyingine zote saa kama hii mikono yake ilikuwa ikitetemeka, na mdomo ukikimbilia kwa Mola kabla kidole hakijafika kwenye kifyatulio. Leo mikono ilitulia. Aliifikiria risasi iliyokuwa ndani, jinsi ilivyong'aa, jinsi muuzaji alivyomtazama, na moyo ukamjaa kitu kama mapenzi.

"Nenda, mwanangu," aliiambia risasi, kwa sauti ya chini. "Nimekununua ghali."

Bunduki ikalia. Nyati hakukimbia, hakupiga magoti, hakuguna. Aliporomoka chini mzima mzima pale alipokuwa, na vumbi likainuka pande zote.

"Mama yangu!" Stanley alipiga kelele. "Braza, umeona? Hakurusha hata teke! Hii si risasi, hii ni umeme!"

Mudathir alisimama, akajipangusa magoti. Alitembea. Aliahidi kutembea na alitembea, akicheka peke yake, akiwaza atakavyomsimulia Talha, na Hamisa atakavyokosa la kusema. Alikuwa ameshachomoa kisu. Alipofika, aling'oa jani la nyasi na kuligusisha kwenye jicho la nyati, kama baba yake alivyomfundisha.

Jicho halikupepesa.

Aligusa tena. Aliweka kiganja mbele ya pua, akangoja pumzi. Akaweka sikio ubavuni, kwenye matope. Risasi ilikuwa imefanya kila jambo ililosifiwa. Ilipita mfupa, ikafika moyoni, na haikumwachia mwenye kisu kitu chochote cha kukimbilia. Kwa miaka yote ile Mudathir alikuwa akiomba mnyama afe upesi, na haikumjia akilini hata siku moja kwamba ombi hilo linaweza kukubaliwa.

Alichinja hata hivyo. Damu ilitoka pole pole, nzito, bila msukumo, ikaishia kwenye mchanga.

"Kimya chako cha nini sasa, braza?" Stanley aliuliza akija na panga. "Tumeua!"

"Tumeua," Mudathir alisema.

*

Pikapu ilipoingia Mtoni mchana ule vigelegele vilianzia barabarani. Wanawake walikuwa wamejaa uani wakichagua mchele, sufuria za kuazima zimepangwa ukutani, na Najma, aliyekuwa ndani amefungiwa, amepakwa msingo wa liwa wa maharusi, alichungulia dirishani akamwona baba yake juu ya nyama na kuanza kulia kwa furaha. Mudathir alishuka, akampita kila mtu, akamshika mkewe mkono na kumwingiza chumbani.

"Nini? Umeumia?"

"Nimemkuta amekufa."

Hamisa hakuelewa kwanza. Kisha akakaa kitandani, juu ya shuka jipya.

"Hukumuwahi?"

"Hakukuwa na wa kumuwahi. Alikufa risasi ikiwa bado inalia."

Nje vigelegele viliendelea. Hamisa alianza kulia bila sauti, kisha akaacha, kwa sababu kilio kingeharibu wanja na wakwe walikuwa njiani kuja kutazama maandalizi.

"Nilikwambia zile za kaki," alisema. "Nilikwambia!"

"Za kaki zilimla mdogo wako."

"Na hizi zinanila mie." Alijifuta uso. "Nani anajua?"

"Stanley tu. Bwana nyama alikuwa mbali."

"Stanley Mkristo, hajui maana yake. Shingo si umeikata? Basi imekatwa. Toka nje, ucheke na watu."

"Mama Najma, ni nyamafu hiyo. Utawalisha watu nyamafu kwenye harusi ya mwanao?"

"Niwalishe nini? Niambie. Hela umeitia kwenye boksi. Bi Naima nimpe maharage? Mtoto anakwenda kuishi kwa wale watu, baba Najma. Kila akichelewa kuamka ataambiwa, kwenu mlitupa maharage. Mpaka anazeeka, ataambiwa."

Mudathir alitoka. Na kwa kweli angecheka na watu kama alivyoagizwa, lakini Bi Naima alikuwa ameshafika, amevaa buibui la hariri, amekaa kwenye kiti pekee chenye mto. Pembeni yake alikuwa Maalim Hija, mwalimu wa madrasa ya mtaa, aliyekuja kuulizia habari za ndoa ya kesho. Bi Naima aliomba aonyeshwe nyama. Aliiinua kwa ncha ya kidole, akaiachia.

"Mbona nyeusi hivi? Ina damu hii."

"Nyati ndo alivyo, Bi mkubwa," Hamisa alisema haraka. "Nyama yake nyeusi."

"Sijui, mie nimezoea ya buchani. Na dereva wenu nasikia si Muislamu. Nani alichinja?"

"Mie mwenyewe," Mudathir alisema.

Hapo ndipo Stanley alipoamua kumsaidia jirani yake. Alikuwa ameegemea pikapu na soda, ameona mama mwenye buibui la hariri anamdharau mtu aliyempiga dume kwa risasi moja, na roho yake nzuri haikuvumilia.

"Mama, shikamoo. Msimchukulie mzaha huyu mzee! Mie nilikuwepo. Risasi moja tu, mnyama chini! Hakurusha teke, hakugeuza hata shingo. Alikufa amesimama! Mpaka tunatembea kufika pale, yeye alishakwenda zamani. Hata kisu hakikuwa na kazi."

Mikono iliyokuwa ikichagua mchele ilisimama. Mwanamke mmoja alisema "Astaghfirullah," akaweka ungo chini. Stanley alitazama nyuso moja moja, soda mkononi, akijua kwamba amevunja kitu lakini hajui ni kipi. Talha, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango na fimbo yake, alimtazama shemeji yake na hakuondoa macho.

"Haya," Bi Naima alisema pole pole, na ukiona mtu amefurahi huwezi kukosea. "Sasa tumeelewa weusi."

Maalim Hija alikuwa mtu mzima na mwenye huruma. Aliwahi kumsomesha Mudathir, na miezi miwili tu nyuma alimwona akiuza redio yake. Alikohoa, akavua kofia, akaivaa tena.

"Tusikimbilie kuhukumu," alisema. "Sie tumezoea kisu, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini wanazuoni wametofautiana. Wapo waliosema mwindaji akilitaja jina la Mwenyezi Mungu wakati anafyatua, kisha mnyama akafa kwa pigo lile lile, basi ni halali yake. Mie kwa dhiki kama hii nitaichukua kauli hiyo, na kesho ntakula wa kwanza." Alimgeukia Mudathir, na macho yake yalikuwa yakimwomba. "Mudathir. Ulipofyatua, ulipiga bismillahi?"

Ilikuwa njia pana, imefagiliwa, na kilichotakiwa ni kupita. Uani mafuta ya vitumbua yalikuwa yakichemka peke yake. Mudathir alimwona Hamisa, mikono yote miwili imeshika khanga kifuani. Aliona pazia la dirisha la Najma likitikisika. Na masikioni alikuwa na sauti yake mwenyewe, tulivu, ya mtu asiyemhitaji yeyote. Nenda, mwanangu.

Miaka yote alipiga bismillahi kwa risasi za mfuko wa kaki, kwa sababu hakuziamini. Hii aliiamini.

"Nilipiga," alisema, akitazama chini.

"Alhamdulillahi," Maalim alisema kwa sauti ya juu, ili kila mtu asikie, na ungo ukainuliwa, na mchele ukaanza kuruka tena.

Stanley alimfuata nyuma ya pikapu. Alinong'ona, jambo asilolizoea.

"Braza, nisamehe. Mie sikujua mambo yenu. Lakini nilikuwa mgongoni kwako pale. Neno hilo alilouliza mwalimu..." Aliishia hapo, akasugua shingo. "Sikiliza. Niuzie mie nyama yote, leo hii. Leseni tutajua wenyewe. Watu wangu wa baa hawaulizi. Ntakupa hela taslimu, mtapata mbuzi, mtapata hata maharage mazuri. Bado hujachelewa."

Mudathir alitazama uani. Moto ulikuwa umeshawashwa chini ya sufuria ya kwanza, na Bi Naima alikuwa akiwafundisha wenyeji namna ya kukaanga vitunguu.

"Nenda nyumbani, Stanley," alisema. "Asante kwa gari."

*

Harusi ilifana. Hata wale wenye choyo walisema ilifana. Ndoa ilifungwa adhuhuri, Maalim Hija akala wa kwanza kama alivyoahidi, na masinia yakapita kwenye mikeka, kila moja lina pilau na juu yake nyama ya kuonekana. Wazee wa Kinondoni walitafuna wakaomba nyongeza. Bwana mmoja mwenye tumbo, mwenyewe mmiliki wa bunduki, alimwita Mudathir na kumuuliza jina la zile risasi. Aliambiwa habari za boksi jekundu akatikisa kichwa kwa heshima. "Kitu ghali ni ghali," alisema. "Watu wanaogopa bei, hawajui wanachookoa."

Bi Naima alimshika Hamisa mkono mbele ya watu.

"Mwenzangu, umetuheshimu. Nilikuwa na wasiwasi, sikufichi. Lakini nyama laini, hata mie na meno yangu haya."

Hamisa alisema asante, akatabasamu, na tabasamu likakaa usoni mpaka misuli ikauma.

Kwenye mkeka wa wanaume wa nyumbani, sinia lilipowekwa, Talha hakunawa. "Nimefunga," alisema. Kila mja wa Mungu aliyekuwepo alimwona asubuhi akinywa chai na kitumbua, lakini siku ya harusi watu hawahesabu vikombe vya wengine. Mudathir alijifanya anaitwa jikoni. Jikoni alimkuta mkewe, anagawa, anagawa, mwiko haujamgusa mdomo hata kuonja chumvi. Walipishana bila kusemezana, yeye akabeba ndoo ya maji isiyohitajika popote.

Alasiri Najma alitolewa. Alimbusu baba yake mkono, akamwambia kwa sikio, "Baba, ahsante kwa kunifichia aibu," na Mudathir hakujua kama mtoto alikuwa anamaanisha umaskini au alisikia mengine kupitia lile pazia. Magari ya Kinondoni yaliondoka na honi. Vigelegele vikaenda nayo mpaka vikaisha.

Uani zikabaki sufuria, na jua bado likiwaka juu ya kuta. Watoto wa jirani walikwangua ukoko wakaondoka na matumbo yamejaa. Mtaa mzima ulikuwa umelala usingizi wa shibe. Hamisa aliinama chini ya meza, akatoa vipande vya muhogo wa jana, akavitia maji na chumvi kidogo, akavibandika kwenye makaa yaliyobaki. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Ulipoiva aliuweka kwenye sahani ya bati katikati ya mkeka, na wote watatu wakanawa.

Walikula. Muhogo ulikuwa na mizizi, na Mudathir alikunywa maji kila baada ya tonge. Hamisa alikuwa na neno tangu jana alipomwona mumewe akimjibu Maalim huku ametazama chini, na mwishowe likamtoka.

"Zile za kaki ulikuwaga unazipigia tatu," alisema. "Moja tu. Moja ingekugharimu nini?"

Talha alikuwa akimenya mzizi kutoka kwenye kipande chake, taratibu, kwa kidole gumba kilichokuwa bado na vumbi la msasa. Aliuweka pembeni ya sahani. Mguu wake mbovu aliunyoosha mbele yake mkekani, kwa sababu haukuwa ukikunjika, na macho ya wote watatu yakawa hapo.

"Shemeji," alisema, na hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa anauliza kwa kweli, kama mtu anayetaka kuelewa. "Wamekula, wamesifu, wamekwenda. Hakuna aliyetapika. Kumbe ilikuwa inatosha kusema uongo. Basi siku ile mie nilikuwa nakimbilia nini?"